Kupima kimo na uzito wa mwanafunzi wa miaka 10 hadi 14

Anza na tarehe ya kuzaliwa, maana hapo ndipo vipimo vingi vya shuleni huharibika. Mtoto ana miaka 12 na miezi 11, daftarini anaandikwa "12". Katika majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya 2007, kimo cha kati cha msichana ni kama sm 151 akitimiza miaka 12, na sm 156 akitimiza 13. Kukata miezi kunamficha aliyedumaa. Tafuta kadi ya kliniki au cheti, andika miaka na miezi.

Kimo: bandika futi isiyovutika (ya fundi cherehani hulegea) kwenye ukuta wima, juu ya sakafu ngumu isiyo na mkeka. Avue viatu, afungue nywele zilizosukwa juu. Mwenye hijabu apimwe faraghani na mwanamke. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta, atazame mbele. Shusha ubao wenye pembe mraba hadi ugandamize nywele, soma hadi sm 0.1. Rudia, vipimo vikipishana kwa zaidi ya sm 0.5, pima tena. Mtu hupungua karibu sm 1 kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo saa ya kupima isibadilike.

Uzito: pima dumu tupu, mimina lita 10 za maji, mizani isipoongeza karibu kilo 10, usiitumie. Mtoto avue sweta, atoe vya mfukoni. Usitaje uzito wake mbele ya wenzake. Umri huu aibu inauma.

Sasa gawanya kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe; jibu huitwa BMI. Msichana wa miaka 12 kamili, kilo 30, sm 135: 30 ÷ (1.35 × 1.35) = 16.5. Kwa umri wake, chini ya 14.4 ni mkondefu, juu ya 20.8 ana uzito uliozidi. Basi yuko sawa? Hapana. Sm 135 ni chini ya mpaka wa udumavu, ulio kati ya sm 137 na 138. Ni mfupi na mwepesi kwa pamoja, ndiyo maana hesabu imetoka nzuri. Soma majedwali yote mawili daima, la kimo kwa umri na la BMI kwa umri.

Rudia baada ya miezi 6. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu miaka 12, wavulana karibu 14, hivyo kuwalinganisha darasani hakusaidii. BMI ya msichana wa miaka 12 ikiwa chini ya 13.2, au mtoto yeyote akiwa na miguu yote miwili iliyovimba (maji hayo huongeza kilo za uongo), apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.