Umepigwa tochi ugenini ukimkimbiza mgonjwa: namna ya kushughulikia faini

Dar es Salaam ukipigwa tochi unajua papo hapo. Trafiki anakusimamisha, unaandikiwa elfu thelathini, unapewa namba ya malipo. Ulaya, kamera hupiga picha kimyakimya na notisi hutumwa kwa mwenye gari. Kama gari ni la kukodi, kampuni ndiyo itakayotoa jina lako, na barua inaweza kukukuta umesharudi Tabata.

Angalia kwanza unadaiwa nini. Pesa iliyokatwa kwenye kadi na kampuni ya kukodisha mara nyingi si faini, ni ada yao ya kupeleka jina lako kwa wahusika. Watu huiona, hudhani wameshalipa, wanatulia, na muda wa kujibu unakwisha.

Halafu usiharakishe kulipa. Kulipa ni kukubali kosa, na ukishalipa, barua ya daktari haisaidii tena.

Swali utakaloulizwa karibu kila nchi ni hili: kwa nini hukuita gari la wagonjwa? Jibu zuri ni kumbukumbu ya simu uliyopiga 999 au 112 na ukaambiwa usubiri. Ambatanisha karatasi ya hospitali inayoonyesha saa ya kupokelewa na hali ya mgonjwa alipofika. Kama mgonjwa ana historia, mathalani anatibiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, omba barua ya daktari wake. Weka na ramani ya njia: ulikotoka, ilipo kamera, ilipo hospitali. Picha iliyopigwa ukiwa unarudi baada ya kumshusha mgonjwa haina utetezi wa dharura. Mwendo wenyewe nao unapimwa. Kuzidisha kidogo saa nane usiku barabara ikiwa tupu kunaeleweka, lakini kupita mbele ya shule mchana kwa mwendo wa barabara kuu ni vigumu kukutetea.

Saa ndizo huharibu kesi nyingi nzuri. Ukirudi Dar, simu hubadili majira, na kumbukumbu za simu na WhatsApp huonyesha saa za hapa. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. Kwa hiyo simu uliyopiga London Julai saa 02:05 itasomeka 04:05, wakati kamera inasema 02:14. Msomaji ataona ulipiga simu karibu saa mbili baada ya kupigwa picha! Rudisha simu kwenye majira ya nchi husika kabla ya kupiga picha ya skrini, na katika maelezo tumia mfumo wa saa 24. “Saa nane usiku” andika 02:00.

Uingereza, barua ya kwanza haidai pesa, inataka jina la dereva. Una siku 28. Jibu hata kama sababu yako ni nzito, maana kutomtaja dereva ni kosa jingine, lenye pointi 6 za adhabu kwenye leseni na faini ya hadi pauni 1,000. Usitegemee hoja kwamba notisi ilichelewa: kanuni ya siku 14 inahusu notisi ya kwanza kwa mmiliki aliyesajiliwa, si yako. Baadaye kwa kawaida huja ofa ya pauni 100 na pointi 3. Hapo ndipo pa kuwaandikia polisi ukiambatanisha vielelezo na kuomba wafute. Wakikataa, mahakamani kuna njia mbili. Unaweza kukana kosa kwa hoja kwamba hatari ya kifo au madhara makubwa ilikulazimisha, au ukakiri na kuomba usiwekewe pointi kwa sababu maalumu. Ya pili ni nyepesi zaidi, ingawa faini inaweza kubaki. Faini ya mahakama inaweza kufika pauni 1,000, au 2,500 kwa kosa la motorway, yaani barabara kuu ya mwendo kasi, na gharama za kesi juu yake. Kama huna karatasi ya hospitali yenye saa, tunashauri ulipe hizo 100.

Ufaransa una siku 45 kupinga, kupitia tovuti ya ANTAI, wakala wa serikali unaoshughulikia faini za kamera, au kwa barua ya rejesta. Hoja ni hali ya lazima, kifungu cha 122-7 cha sheria ya jinai. Kwa picha za kamera ya mwendo, pingamizi halipokelewi bila kuweka dhamana inayolingana na faini, ambayo hurudishwa ukishinda. Hapa wengi hukosea: wanabonyeza sehemu ya kulipa badala ya ile ya dhamana, au wanavutwa na punguzo la yuro 90 badala ya 135, na kesi inafia hapo.

Ujerumani muda ni mfupi kuliko nchi hizo mbili, wiki 2 tangu ukabidhiwe uamuzi wa faini. Usisubiri mfasiri amalize. Tuma pingamizi la sentensi moja kwa Kijerumani, maelezo na vielelezo vifuate.

Barua za kwenda nje tuma kwa EMS ya Posta na utunze risiti yenye namba ya kufuatilia. Kwenye mkataba wa gari andika S.L.P. unayoifungua kweli, pamoja na barua pepe. Majibu ya mwisho, hata ya kufutiwa, yahifadhi pamoja na pasipoti, kwa kuwa fomu ya viza ya Uingereza huuliza kuhusu adhabu za makosa ya udereva.