Kurekebisha Chesisi ya Chuma ya Gari la Rimoti la Kupanda Miamba
Chesisi, yaani fremu, ya Axial SCX10 II, gari la rimoti lenye kipimo cha 1:10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), imeundwa kwa reli mbili za chuma zenye umbo la herufi C. Fungua kila kitu hadi reli zibaki tupu. Ukitaka kuongeza matundu ya kufungia shokomzoba, zibane reli kwenye jiliwa mgongo kwa mgongo, ili kila tundu lipenye zote mbili na pande zisitofautiane; tia alama kwanza kwa sentapanchi (chuma chenye ncha kali kinachogongwa kwa nyundo), maana biti ya kutobolea huteleza juu ya chuma kabla ya kung'ata, kisha toboa polepole, kwa tone la mafuta, tundu la zaidi kidogo ya milimita 3 litakalopitisha skrubu ya M3, yaani yenye kipenyo cha milimita 3. Ncha za nyuma zinazokwama kwenye mawe zikatwe kwa msumeno wa chuma, zilainishwe kwa tupa na kupakwa rangi ya msingi mara moja, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni uzito: betri ishushwe chini na kusogezwa mbele, kwa kuwa gari linapopanda mwamba uzito huhamia nyuma na magurudumu ya mbele huinuka. Wakati wa kuunganisha, laza chesisi juu ya kioo. Ikiyumba, legeza skrubu zote na uzikaze upya kwa zamu.