Kuhamia nyumba mpya Ujerumani: anza na jina lako mlangoni

Barua ya kwanza niliyoisubiri kwa hamu Ujerumani haikunifikia. Ilikuwa na kadi yangu ya benki. Anwani niliandika sawasawa, mtaa na namba ya jengo, herufi kwa herufi. Ikarudishwa ilikotoka, kwa sababu kisanduku cha barua pale chini kilikuwa bado na jina la mpangaji aliyenitangulia. Katika majengo mengi ya huku nyumba za ndani hazina namba. Kaya kumi na mbili zinakaa jengo moja, na mleta barua anatazama majina tu. Jina lisipokuwepo, barua haiachwi.

Kwa hiyo ndugu unayehamia nyumba mpya, uwe umetoka Nairobi juzi au unahama Hamburg kwenda Leipzig, kabla hujafungua boksi hata moja bandika jina lako kwenye kisanduku na kwenye kengele. Karatasi na selotepu vinatosha mpaka mwenye nyumba alete kibao. Andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa nyumbani. Kama umekaribishwa kwa mtu, jina lako likae chini ya la mwenyeji wako. Kadi ya bima ya afya, namba ya kodi ya mapato, barua ya ofisi ya wageni, vyote vinapitia kwenye kisanduku hicho.

Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, na wauguzi, madereva na vijana wa mafunzo ya kazi wanaofika wananiuliza karibu maswali yaleyale. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo nimeona watu wakipoteza pesa kwa kutoyajua.

Kabla ya kutia saini

Tangazo la nyumba lina kodi mbili. "Kaltmiete" ni kodi ya nyumba tupu. "Warmmiete" ni kodi hiyo pamoja na gharama za pembeni: kupasha joto, maji, taka, usafi wa ngazi. Umeme na intaneti kwa kawaida havimo hata kwenye hiyo ya pili. Unapolinganisha nyumba, linganisha Warmmiete, na ukumbuke kwamba gharama za pembeni ni makadirio. Mwenye nyumba hupiga hesabu kamili kila mwaka, ama akurudishie ama akudai. Ana miezi 12 tangu mwaka wa hesabu uishe kukuletea karatasi hiyo. Akichelewa kwa uzembe wake, nyongeza hawezi kuidai tena.

Aliyezoea Dar es Salaam, kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa dalali, atapata ahueni. Kodi hapa hulipwa mwezi kwa mwezi, na tangu 2015 dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na aliyemwita, yaani karibu kila mara mwenye nyumba. Kinachouma ni amana, "Kaution". Sheria inasema isizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na inakupa haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi kwa mwezi, ya kwanza unapoanza kupanga. Watu wengi hawaambiwi hili. Nimeona watu wakipiga simu nyumbani kukopa euro 1,500 za siku moja, wakati sheria iliwaruhusu kulipa 500, kisha 500, kisha 500. Sema tu kwa upole kwamba utalipa kwa awamu.

Usitume pesa kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Matapeli wana hadithi moja: picha nzuri, kodi ya chini kuliko mtaa mzima, mwenye nyumba yuko nje ya nchi na ufunguo atautuma kwa posta ukishalipa. Kama bado uko Kigali au Mombasa, mwombe mwajiri akutafutie chumba cha miezi ya mwanzo, kisha tafuta nyumba ukiwa umeshafika.

Na uliza kuhusu jiko. Kijana mmoja wa Eldoret niliyemsindikiza kupokea nyumba yake alisimama mahali pa kupikia, akageuka akaniuliza, "Dada, sasa jiko liko wapi?" Ukutani palikuwa na mabomba mawili ya maji, tundu la maji machafu na waya zilizofungwa ncha. Sinki hakuna, kabati hakuna, darini taa hakuna. Mpangaji aliyehama alibeba vyake, na hapa hilo ni jambo la kawaida. Nyumba ikiwa na jiko tayari, tangazo litasema. Wakati mwingine anayehama anakuuzia jiko lake. Mkubaliane bei kwa maandishi, kitu kimoja kimoja, na uhakikishe friji inagandisha kweli. Jiko la umeme usijaribu kuliunganisha mwenyewe. Nyaya zake ni za fezi tatu. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Ile wiki ya kwanza, jiko dogo la kuchomeka ukutani na sufuria moja vitakutoa.

Siku ya kupokea ufunguo

Nenda mchana kukiwa na mwanga, simu ikiwa na chaji, na uende na mtu wa pili. Mwenye nyumba atakuja na hati ya makabidhiano, na hiyo ndiyo itakayoamua kama amana yako itarudi. Usione haya kuchukua muda. Fungua kila dirisha ulifunge, fungulia kila bomba, vuta maji chooni, geuza kila kipasha joto uguse kama kinapata moto. Inama uangalie sakafu karibu na mlango wa balkoni, maana hapo ndipo mikwaruzo inapokaa. Angalia vigae vya bafu na kona za chini za madirisha. Kila kasoro iingie kwenye hati na ipigwe picha. Ukisikia "hiyo ndogo, haina shida", jibu kwamba ingekuwa vizuri iandikwe hata hivyo. Sentensi usiyoielewa usiitie saini. Piga picha, mtumie mtu anayejua Kijerumani, mwenye nyumba asubiri.

Kisha mita. Soma ya umeme, ya maji na ya gesi kama ipo, uandike tarakimu zilizosomeka na namba ya mita yenyewe. Usipochagua kampuni ya umeme hutakaa gizani, kwa kuwa kampuni ya msingi ya eneo hilo inakuhudumia moja kwa moja, ila bei yake mara nyingi iko juu. Unaweza kuiacha kwa notisi ya wiki mbili.

Hesabu funguo na idadi iandikwe. Ufunguo wa mlango mkubwa ukipotea unaweza kulazimu vitasa vya jengo zima kubadilishwa, na bili ikawa maelfu ya euro. Ndiyo maana nasisitiza bima ya dhima, "Haftpflicht", inayolipa hasara unayomsababishia mtu mwingine. Ni ya bei nafuu. Hakikisha mkataba wake unataja funguo za nyumba ya kupanga.

Siku hiyohiyo mwombe mwenye nyumba karatasi iitwayo "Wohnungsgeberbestätigung", inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Ukiwa nayo una wiki mbili tangu siku ya kuhamia kwenda ofisi ya manispaa kujiandikisha, na faini ya kuzembea inaweza kufika euro 1,000. Kwenye miji mikubwa nafasi za miadi ni adimu, kwa hiyo weka miadi mara tu unapotia saini mkataba, na utunze uthibitisho kwamba uliomba kwa wakati. Mgeni anayejiandikisha kwa mara ya kwanza hutumiwa namba ya kodi ya mapato kwa barua. Mwajiri asipoipata anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa. Kuna watu wanaouza anwani za uongo kwa wageni waliokata tamaa. Nawasihi msinunue, ni kosa kisheria, na ofisi ya wageni ina kumbukumbu ndefu. Kama una kibali cha ukaazi, anwani ya kwenye kadi nayo ibadilishwe.

Muda si mrefu itafika barua ya mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli, na kutokuwa na televisheni hakukuondolei deni. Lakini unadaiwa kwa nyumba, si kwa mtu. Mkikaa watatu, mmoja alipe, na wengine wawili wajibu barua zao kwa namba yake ya mchango.

Kubeba vitu

Hapa ndugu na marafiki ndio lori. Mpikie watu wako pilau, wape tarehe mapema. Gari la kukodi hadi tani 3.5 linaendeshwa kwa leseni ya kawaida, ila leseni ya kwetu inakubalika miezi sita tu tangu uanze kuishi hapa. Muda huo ukipita, tafuta dereva mwenye leseni ya Ulaya. Mtaa ukiwa hauna maegesho, manispaa inakuruhusu kwa malipo kuweka vibao vya kuzuia magari mbele ya jengo. Msitoboe ukuta Jumapili, wala usiku baada ya saa nne. Na siku inayofuata gonga kwa jirani wa kushoto na wa kulia, taja jina lako. Wengi wao watafurahi, ingawa wao wenyewe wasingeanza.

Kuvu

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo amana nyingi za watu wetu zimeishia. Nyumba za huku zimezibwa ili joto lisitoke, na mvuke nao hautoki. Sisi tunachemsha maharage saa mbili, tunasonga ugali, tunaanika nguo chumbani, na kwa kuogopa baridi madirisha tunayafunga Oktoba mpaka Machi. Asubuhi kioo kinatiririka maji. Wiki chache baadaye, nyuma ya kabati lililosukumwa mpaka ukuta wa nje, kunaanza vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyomwagika. Mwenye nyumba atasema ni kosa lako.

Fungua madirisha wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, hata theluji ikianguka. Kuliacha dirisha limeinama ndani kwa juu, wazi kidogo tu, siku nzima hakusaidii, kunapoza ukuta tu. Kila baada ya kupika au kuoga, fungua. Kabati liache nafasi ya kiganja kutoka ukuta wa nje. Chumba cha kulala kisiachwe baridi kabisa. Ukiona kuvu hata hivyo, piga picha na umwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo, kwani wakati mwingine ukuta wenyewe ndio mbovu. Akikubishia, jiunge na chama cha wapangaji cha mji wako. Ada hulipwa kwa mwaka, na wana wanasheria.

Unapohama tena

Notisi ya mpangaji ni miezi mitatu, kwa karatasi yenye saini ya kalamu. Baruapepe na ujumbe wa simu havihesabiki. Ikimfikia mwenye nyumba kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi, mwezi huo unahesabiwa; ikichelewa siku moja unalipa kodi ya mwezi mzima zaidi. Itume kwa barua ya rejista, au ipeleke na shahidi.

Siku ya kurudisha ufunguo mkague tena mkiwa na ile hati ya kwanza mkononi, msome mita, na namba ya akaunti yako iandikwe humo. Mwenye nyumba anaweza kubakiza sehemu ya amana mpaka hesabu ya mwisho ya gharama za pembeni itoke. Mwachie anwani yako mpya, hata kama ni ya Kisumu au Bujumbura, na usifunge akaunti yako ya Ujerumani kabla pesa hiyo haijaingia.