Faili moja linalokula diski ndogo
Mtu akinunua kipakatalishi cha bei nafuu kule Luthuli Avenue, Nairobi, chenye hifadhi ya GB 32, sehemu kubwa huwa imeshatwaliwa na Windows yenyewe. Kabla hujafuta picha za familia, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi (Run as administrator), uandike powercfg /h off, kwa kuwa amri hiyo huondoa hiberfil.sys, faili linalotunza yaliyomo kwenye kumbukumbu (RAM) kompyuta inapozimwa kwa njia ya hibernate, huku kazi ikiwa wazi, na ambalo mara nyingi hula gigabaiti kadhaa. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, jambo ambalo kwangu si hasara kubwa. Lakini umeme ukipotea mtaani na betri ikaisha, kazi ambayo hukuihifadhi haitarudi, kwa kuwa faili la kuitunza halipo tena.