Kupiga Picha Papa Chini ya Maji: Safari ya Kulala Botini, Kilwa hadi Msimbati

Papa wa bahari ya kusini mwa Tanzania ni waoga. Nyavu, jarife (nyavu kubwa za kukamatia papa) na baruti za miaka mingi zimewapunguza na kuwafundisha kuogopa kelele, na kwenye miamba mingi utamwona mmoja tu au usimwone kabisa. Anayemfukuza hurudi na picha za mikia. Mwongozo huu ni kwa mzamiaji mwenye cheti anayejua kuelea pale pale bila kushika kitu. Kama bado unapigana na mkanda wa uzito wa kukuzamisha, kamera isubiri.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi wa angani

Msimu kwanza. Kusi, upepo wa kusini wa kuanzia Mei hadi Septemba, huchafua bahari na kuchosha watu botini. Mvua za kusini zikishika, Mto Ruvuma hushusha tope, na maji ya upande wa Msimbati hupoteza uangavu. Nafasi nzuri ipo kati ya mwisho wa Septemba na Novemba, wakati wa matlai, upepo wa kati ya kusi na kaskazi, kabla mvua hazijakolea. Kaskazi, upepo wa kaskazini unaofuata, nayo hufaa ukikaa miamba ya nje, mbali na mdomo wa mto.

Kisha hesabu mwandamo, yaani siku tangu mwezi uonekane. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, karibu na mwezi mosi na kumi na tano, maji hujaa alfajiri na alasiri, hupwa katikati ya asubuhi, na mkondo kwenye milango kati ya visiwa huwa mkali mno kumruhusu mpiga picha atulie. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, karibu na mwezi saba hadi kumi na ishirini na mbili hadi ishirini na tano, maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Hapo mambo mawili hukutana: maji safi ya bahari kuu yanaingia, na jua limepanda. Mwambie nahodha akushushe saa moja na nusu kabla maji hayajajaa. Yakianza kutoka, yanabeba uchafu wa mikoko, na picha zote huonekana kama zimepigwa kwenye vumbi.

Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, lipia kibali kabla boti haijang'oa nanga.

Hatua ya 2: Vifaa

Lenzi pana ndiyo kazi. Papa wa mita moja na nusu apigwe kutoka mita moja au mbili, na lenzi ndefu hailipi umbali, kwa sababu adui si ukubwa wa papa kwenye fremu, ni maji yaliyo katikati yenu. Lenzi ya mm 16 hadi 35 kwa kamera ya fremu kamili inatosha. Ya jicho la samaki ni bora zaidi, ila papa akiwa mita tatu atakuwa mdogo kama dagaa. Mbele ya kasha, lile sanduku lisilopitisha maji linalobeba kamera, weka kioo cha kuba, kilichobinuka nje. Kioo bapa hubana upana wa lenzi na kuharibu kingo.

Flashi mbili za nje, betri mara mbili ya unazodhani utahitaji, kadi mbili. Umeme wa botini mara nyingi ni wa volti 12 kupitia inveta, na jenereta huzimwa usiku, kwa hiyo chaji kila kitu mchana mara tu unapotoka majini. Ukija kwa ndege, betri za lithiamu za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya 3: Funga kasha

Hapa ndipo kamera nyingi hufia. Fanya alfajiri, kabla hewa haijawa na joto na unyevu, mahali pasipo na feni wala mchanga, mikono ikiwa imekaushwa.

1. Toa oringi, pete ya mpira inayozuia maji kwenye mlango wa kasha, kwa vidole au kadi ya plastiki. Sindano au kisu hukwaruza mfereji, na mkwaruzo mdogo unatosha kupitisha maji.
2. Pitisha oringi kati ya vidole viwili polepole. Unatafuta punje ya mchanga, unywele, uzi wa taulo au ufa.
3. Futa mfereji kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, kisha hakikisha nyuzi za pamba hazikubaki.
4. Paka grisi ya silikoni, ile iliyotajwa na mtengenezaji wa kasha, mpaka oringi ing'ae tu. Grisi nyingi haizuii maji, inakusanya mchanga.
5. Weka ndani pakiti mbili za silika, chembe zinazonyonya unyevu, funga, kagua oringi pande zote kupitia kioo.
6. Zamisha kasha kwenye ndoo ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) dakika ishirini. Kwa safari ya kwanza lizamishe tupu, bila kamera. Mlolongo wa viputo vidogo kutoka sehemu moja maana yake linavuja.

Baada ya hapo lisikae juani. Hewa ya ndani ikipata joto halafu kasha likaingia majini, kuba hufanya ukungu, na ukungu huo hautoki hadi upande. Lifunike kwa kitambaa kilicholowa.

Hatua ya 4: Panga kamera kabla ya kuruka

Faili ghafi (RAW), si JPEG pekee. Kasi ya shata 1/160 hadi 1/200. Ukipita 1/250 kamera nyingi haziendi pamoja na flashi. Tundu la lenzi f/8, na kwa kuba ndogo f/11 ili kingo zisilegee. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 200, upande hadi 800 kukiwa na mawingu. Fokasi ya kufuatilia, eneo la katikati.

Mikono ya flashi itanue sentimita 60 au zaidi kila upande, nyuma kidogo ya kuba, na uso wa flashi uelekee nje kidogo. Flashi ikielekezwa ndani humulika chembe zilizo kati yako na papa, na picha hujaa theluji. Nguvu anza na robo. Tumbo la papa ni jeupe na mgongo ni mweusi. Flashi kali huunguza tumbo, na hakuna programu ya kurudisha kilichoungua.

Hatua ya 5: Chini

Ukifika kina ulichopanga, elekeza kamera kwenye bluu tupu, mbali na jua, piga mara moja na urekebishe hadi rangi ya bahari ikae sawa. Flashi ni ya papa. Bluu inatoka kwa jua.

Jiweke kwenye mchanga au uelee pembeni ya ncha ya mwamba inayopokea mkondo, jua likiwa mgongoni. Papa wa miamba hupenda ncha hizo na hurudia njia ileile. Papa mwenye ncha nyeupe za mapezi mara nyingi hulala mchana ndani ya mapango; mwenye ncha nyeusi huzunguka maji mafupi, hata ya mita moja. Akipita mara ya kwanza, usipige. Usimgeukie, usimkodolee macho, mtazame kwa pembeni. Akikuona hujasogea, mara nyingi mzunguko wa pili huwa karibu zaidi. Viputo humshtua, kwa hiyo toa pumzi taratibu na kidogo kidogo. Kuzuia pumzi ukiwa na mtungi ni marufuku: ukipanda hata mita chache, mapafu yanaweza kupasuka.

Piga anapokata mbele yako kwa upande au anapoanza kujikunja. Fokasi iwe kwenye jicho au mistari ya matamvua, maana ngozi tupu dhidi ya bluu huizungusha lenzi bila kushika. Kumbuka maji hudanganya: kitu cha mita nne huonekana kipo mita tatu. Akibaki zaidi ya mita tatu kwa jicho lako, zima flashi kabisa, kwani zitamulika chembe tu.

Papa wa kijivu akishusha mapezi ya kifua, akapinda mgongo na kuogelea kwa kujitikisa, anakuonya. Acha kupiga, mfungulie njia, rudi nyuma polepole ukimtazama. Usimwage chambo kumvuta, hata ukikaa siku nzima bila picha.

Ukikutana na potwe, papa mkubwa kuliko wote, weka mitungi pembeni. Mfuate kwa kioo cha macho na snokeli (mrija wa kupumulia), bila flashi, mita tatu kutoka mwilini na nne kutoka mkiani.

Hatua ya 6: Kupanda

Kamera hufanya mtu asahau geji ya hewa ya mtungi. Geuka ikisoma baa 100, na ufike juu ikisoma 50. Panda usizidi mita tisa kwa dakika, simama mita tano kwa dakika tatu. Huko mbali kati ya visiwa chemba ya kutibu ugonjwa wa wazamiaji haipo karibu, kwa hiyo acha nafasi ya usalama kubwa kuliko kompyuta ya kuzamia ya mkononi inavyokuruhusu. Mpe baharia kamera kwa kishikio, kamwe si kwa mkono wa flashi.

Hatua ya 7: Jioni

Loweka kasha lililofungwa kwenye maji baridi kwa nusu saa ukibonyeza kila kitufe. Maji baridi botini ni haba, kwa hiyo kubalianeni beseni moja la kamera tu. Likishaingia sabuni au nguo za kuzamia, halifai tena. Kausha kabla ya kufungua, uso wa kasha ukiangalia chini ili tone lisidondokee kamera.

Nakili picha kwenye diski mbili. Andika mwandamo, saa ya maji kujaa, kina na papa alipotokea, kwani siku kama hiyo ya mwandamo ujao maji yatajaa karibu saa ileile. Daftari hilo libaki kwako na kwa nahodha. Ukiweka picha mtandaoni taja mkoa tu, usitaje mwamba, maana wenye jarife nao wanasoma.