Kubeti ukiwa jimbo la Washington: soma hii kabla hujagusa simu

Katika jimbo la Washington bangi inauzwa dukani na unapewa risiti. Lakini ukikaa sebuleni kwako Kent, ukafungua simu na kuweka dola 5 kwenye mechi ya Arsenal, umeingia kwenye kosa la jinai. Wageni wengi wakiambiwa hivyo hucheka. Hata Wamarekani waliohamia Seattle kutoka New Jersey hucheka, kwa sababu walikotoka matangazo ya kubeti yanafuatana kwenye televisheni kama matangazo ya sabuni.

Nazungumzia Washington ya Pasifiki, yenye Seattle, Tacoma na Spokane. Mji mkuu, Washington, D.C., una sheria zake na kubeti kwa simu huko kunaruhusiwa. Nalitaja hili kwa sababu kuna ndugu husikia kwa binamu aliye upande wa Maryland kwamba "Washington wanabeti bila shida", naye akaamini.

Sheria inayohusika iko katika sura ya 9.46 ya sheria za jimbo. Inakataza kutuma au kupokea kwa kujua "taarifa za kamari" kwa simu, telegrafu, redio, intaneti, na hata kwa semafo, yaani zile bendera za ishara za mabaharia. Neno intaneti liliingizwa mwaka 2006, na mwaka huohuo bunge la jimbo likalipandisha kosa hili hadi feloni, yaani kosa zito la jinai, ya daraja C. Daraja hilo kikomo chake ni kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Wakili mmoja mcheza poka, Lee Rousso, aliipinga sheria hiyo mahakamani akidai inaingilia biashara ya kimataifa na ya kati ya majimbo. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya jimbo ilimkatalia, na PokerStars, tovuti ya kucheza poka, ikafunga mlango kwa wachezaji wa Washington.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta marufuku ya shirikisho iliyokuwa ikiyazuia majimbo mengi kuhalalisha kubeti michezo. Majimbo yakakimbilia fursa hiyo. Washington ilisubiri hadi 2020, kisha ikafungua mlango kidogo tu: kubeti michezo kunaruhusiwa ndani ya kasino za makabila ya wenyeji asilia, yale yenye mkataba na serikali ya jimbo. Kasino ya Snoqualmie ndiyo iliyopokea dau la kwanza, Septemba 2021. Baadhi ya kasino hizo zina programu ya simu, nayo hufanya kazi ukiwa ndani ya eneo lao tu. Ukitoka kwenye maegesho na kushika barabara, inakufungia.

Kinachoangaliwa ni pale ulipokaa

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapokosea. Mtu ana laini yake ya Safaricom au Vodacom, M-Pesa inafanya kazi, akaunti ya kubeti aliifungua akiwa Nairobi au Mwanza, na kampuni ina leseni halali ya huko nyumbani. Anajiambia, "Mimi nabeti Kenya." Hapana, unabeti Washington. Sheria haina haja na mahali kampuni iliposajiliwa wala sarafu uliyotumia, inatazama mahali ulipo wewe unapobonyeza. Mkeka ulioutuma kutoka mji wa Federal Way, Washington, umetoka Federal Way, hata kama pesa zimekatwa kwa shilingi.

Mfano mzuri uko kusini, kwenye mto Columbia. Upande mmoja ni mji wa Vancouver, Washington, na upande wa pili ni Portland, Oregon. Oregon ina programu ya kubeti iliyoruhusiwa na Bahati Nasibu ya jimbo hilo, inayoendeshwa na kampuni ya DraftKings tangu 2022, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Mtu anayeishi Vancouver akivuka daraja la I-5 kwenda kazini anaweza kuweka dau kihalali wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana. Jioni akirudi kwake, simu ileile na akaunti ileile, hawezi. Haijalishi leseni yake ya udereva ni ya jimbo gani. Mkaazi wa Washington akiwa Oregon yuko halali, na mkaazi wa Oregon aliyekuja kumtembelea shemeji yake Tacoma hayuko halali.

Hivyo kuna wanaotafuta VPN ili simu ijifanye iko Portland. Sikushauri. Kampuni zenye leseni haziangalii anwani ya intaneti peke yake. Huangalia GPS, minara ya simu na mitandao ya wifi iliyo karibu nawe, na masharti yao yanaziruhusu kufunga akaunti na kuzuia ushindi wa aliyedanganya mahali alipo. Tena ukishatumia VPN ni vigumu kusema hukujua. Kumtuma rafiki aliyeko Portland akuwekee dau kwa akaunti yake nako ni kuvunja masharti ya akaunti hiyo, na siku mkeka ukijibu kwa pesa nene mtajua kama urafiki wenu ulikuwa wa kweli.

Zile kasino za simu zinazojiita za bure, unaponunua sarafu za mchezo kwa pesa halisi, nazo zimeleta kesi kubwa hapahapa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba sarafu za Big Fish Casino, mchezo wa kampuni iliyoanzia Seattle, ni "kitu chenye thamani" chini ya sheria ya Washington, hivyo mchezo ule ulikuwa kamari haramu. Kesi ikaisha kwa maelewano ya dola milioni 155. Wachezaji waliegemea sheria ya zamani ya jimbo inayomruhusu aliyepoteza pesa kwenye kamari haramu kumdai mwendeshaji. Kama umemimina maelfu kwenye programu za aina hiyo ukiwa Washington, hifadhi rekodi zako za malipo.

Kinachoruhusiwa

Tiketi za bahati nasibu za Powerball na Mega Millions zinauzwa madukani kwa mwenye miaka 18, si mtandaoni. Kuna kasino za makabila: Muckleshoot kule Auburn, Emerald Queen ya Wapuyallup huko Tacoma na Fife, Tulalip upande wa kaskazini, na kasino ya Wacowlitz iitwayo "ilani" kwa walio karibu na Vancouver. Huko unaweza kubeti ligi ya Uingereza, lakini si timu za vyuo vya Washington kama Huskies na Cougars. Karata za nyumbani kati ya marafiki, ambapo hakuna anayekata chochote kwa ajili ya "nyumba", si tatizo. Sheria inaruhusu hata ule ubao wa miraba 100 wa kukisia matokeo ya mchezo, mradi kila mraba usizidi dola 1 na pesa zote ziwaendee washindi.

Upatu na chama cha kuzungushiana pesa si kamari, kwa sababu kila mmoja anapata zamu yake na hakuna anayepoteza kwa bahati.

Pale jumuiya zetu zinapojikwaa

Kwa maoni yangu hatari kubwa haiko kwa kijana anayeweka dola 10 Jumamosi. Tume ya Kamari ya jimbo huelekeza nguvu kwa wanaopokea dau na wanaoendesha michezo. Sasa angalia mambo mawili tunayoyafanya mchana kweupe.

La kwanza ni yule ndugu mwenye kundi la WhatsApp anayekusanya pesa za watu, anaandika mikeka, anamlipa aliyeshinda na kubaki na sehemu yake. Anajiona anasaidia. Kisheria huyo ndiye mwendeshaji wa kamari. Akipokea dau zinazozidi dola 5,000 ndani ya siku 30, au akishirikiana na watu watano au zaidi, anaweza kushtakiwa kwa kamari ya kitaaluma ya daraja la kwanza, ambayo ni feloni ya daraja B, nzito kuliko ile C.

La pili ni bahati nasibu za kuchangisha. Msiba umetokea, mwili unatakiwa urudishwe nyumbani, na mtu anatangaza kundini: tiketi dola 20, zawadi ni runinga, tuma kwa Zelle. Nia ni njema, lakini sheria inataka mwandaaji awe shirika halisi lisilo la faida, lililodumu angalau miezi 12 na lenye wanachama hai wasiopungua 15. Shirika kama hilo linaweza kuendesha bahati nasibu bila leseni ikiwa, pamoja na masharti mengine, mapato yake yote ya tiketi hayazidi dola 5,000 kwa mwaka. Kuuza tiketi kwa intaneti hakuruhusiwi. Kwa hiyo jumuiya ya Wakenya, Watanzania au Wakongo iliyosajiliwa vizuri inaweza kuuza tiketi za karatasi ukumbini siku ya sherehe, ila mtu binafsi kuziuza kwenye WhatsApp hapana. Mchango wa kawaida usio na zawadi ya kubahatisha hauna shida yoyote, na kwa msiba ndio njia ya moja kwa moja. Watu watatoa tu, runinga iwepo isiwepo.

Makaratasi ya uhamiaji

Wengi wetu tuliingia nchi hii kwa bahati nasibu, ile ya viza iitwayo DV, na inachekesha kidogo kwamba bahati nasibu nyingine inaweza kutusumbua tukiomba uraia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inataka mwombaji awe na mwenendo mwema katika kipindi kinachoangaliwa, kwa kawaida miaka 5, au 3 kwa aliyeoana na raia. Kamari imetajwa humo waziwazi. Aliyetiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari ndani ya kipindi hicho anakosa sifa, na vilevile yule ambaye kipato chake kikubwa kinatokana na kamari haramu.

Fomu N-400, ile ya kuomba uraia, nayo inagusa kamari haramu. Hapa usitie tiki kwa mazoea. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa linalojitegemea, na linaweza kukunyima uraia hata pale ambapo ukweli wenyewe usingekunyima. Mwenye historia ya kubeti akiwa Washington amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu, na awe wakili kweli mwenye leseni, si yule mjuzi wa kujaza fomu kwa dola 100 aliyeko nyuma ya duka la kutuma pesa. Mwambie yote. Mazungumzo yenu yanalindwa.

Upande wa kodi, ushindi ni mapato hata kama umetoka kwenye kamari haramu au kampuni ya nyumbani. Mwenye kadi ya kijani hutozwa na shirikisho kwa mapato ya dunia nzima, ingawa jimbo la Washington halina kodi ya mshahara. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hasara za kamari unaweza kuzitoa kwa asilimia 90 tu, na zisizidi ulichoshinda, tena kama unaorodhesha makato yako badala ya kuchukua lile la kawaida. Maana yake, aliyeshinda dola 10,000 na kupoteza dola 10,000 anaweza kudaiwa kodi juu ya dola 1,000 ambazo hakuwahi kubaki nazo.

Kama tayari una salio kwenye akaunti ya nyumbani, usiendelee kuweka dau ili "ulimalize". Litoe lirudi kwenye M-Pesa yako, pakua taarifa ya miamala yote, kisha funga akaunti. Taarifa hiyo ataihitaji mtu wa kodi, na huenda wakili pia. Na kama kuacha kumekuwa kugumu, jimbo lina simu ya msaada ya saa 24, 1-800-547-6133. Ukipiga, sema lugha unayotaka na uulize kama wanaweza kukupatia mkalimani.