Jinsi ya Kukadiria Hatari ya Magonjwa ya Zinaa Baada ya Kugusana Ngozi

Abiria aliyebanwa katika matatu ya kwenda Rongai jioni hugusana na wenzake kwa mikono, mabega na jasho, na si ajabu akafika nyumbani na wasiwasi, hasa akikumbuka kwamba jirani yake alikuwa na vipele mkononi. Wasiwasi huo haustahili kuchekwa. Unahitaji kupimwa kwa maswali, na la kwanza ni hili: ni sehemu gani ya mwili iliyogusa sehemu gani?

Ngozi nzima ya mkono, bega au paja ni ukuta imara. Virusi vya Ukimwi haviupenyi. Huenezwa kwa damu, shahawa, ute wa ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa au maziwa ya mama, navyo huingia kupitia utando laini, kidonda kibichi au sindano. Bakteria wa kisonono na klamidia nao hushambulia utando laini wa sehemu za siri, koo na macho. Kwa hiyo kusalimiana, kukumbatiana au kukalia kiti ambacho bado kina joto la mtu mwingine hakumpi mtu maradhi hayo.

Swali la pili linataka makini zaidi: je, palikuwa na kidonda au malengelenge, au sehemu za siri zilisuguana bila nguo? Kaswende huambukizwa kwa kugusa kidonda chake, ambacho mara nyingi hakiumi, hivyo mwenye nacho huenda asijue. Hujitokeza kati ya siku 10 na 90 baada ya maambukizi. Herpesi (ugonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri) na virusi vya HPV, ambavyo baadhi huleta chunjua na vingine saratani ya mlango wa kizazi, huenea hata ngozi ikionekana safi, na kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza kwa kuwa haifuniki ngozi yote. (Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini Kenya mwaka 2019, nami naona mzazi hana sababu ya kuiahirisha.)

Mpox (ndui ya nyani), ambayo Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024, haihitaji ngono: vidonda vyake huambukiza kwa kugusana kwa karibu, na hata kupitia shuka au taulo za mgonjwa. Aliyegusa vidonda hivyo anawe kwa sabuni, ajichunguze kwa siku 21, na akiona homa au vipele aende kituo cha afya. Upele wa kuwasha (scabies), ambao ni ugonjwa mwingine, huhitaji ngozi kugusana kwa muda mrefu, kama kulala kitanda kimoja. Salamu ya haraka ni nadra kuueneza.

Ikiwa damu au shahawa ya mtu usiyejua hali yake imegusa utando laini au kidonda kibichi, suala si la ngozi tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya tukio la hatari, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kipimo cha Ukimwi cha siku ya pili hakiwezi kukuhakikishia chochote kuhusu tukio hilo, kwa kuwa vipimo vya kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi) huweza kuchukua hadi siku 90 kuonyesha maambukizi. Mweleze mhudumu bila kuficha kilichogusa wapi, na saa ngapi, kwa maana ndiyo maelezo atakayotumia kuamua.